Posho ya mlezi wa nyumbani: mwaka wa tatu naipokea, nyota tatu kati ya tano

Naandika hii kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza, eti wewe si unapokea ile hela ya serikali ya wanaolea mtu mwenye ulemavu nyumbani, ikoje, inasumbua, nijaze fomu au nitajipotezea muda bure. Nimechoka kurudia kwa voisi noti za dakika saba saba. Jibu fupi: jaza. Jibu refu ni hili hapa chini na ni refu kweli, we tafuta pa kukaa.

Kwanza mjue anayeongea ni nani. Namlea mdogo wangu wa kiume, ana mtindio wa ubongo tangu anazaliwa, sasa hivi ni mtu mzima ana ndevu na ana mdomo kunizidi, ila kama hujamzoea nusu ya anachosema hutakielewa. Hatembei. Mkono wa kushoto umejikunja, wa kulia unashika kijiko ukimsaidia. Zamani mama ndio alikuwa anamlea, mgongo ukaishia hukohuko kwenye kumnyanyua, nikaacha kazi nikaingia mimi. Na jamani msiseme "unauguza", siuguzi mtu, mdogo wangu haumwi, ana ulemavu na anahitaji mikono miwili ya ziada kutwa kucha, basi, na hiyo mikono ndio mimi.

Sasa twende kwenye huduma yenyewe. Unajaza fomu, unaambatanisha ripoti ya daktari, anakuja mtathmini nyumbani, unasubiri barua, barua inakuambia umewekwa kiwango gani, halafu kila baada ya muda wanarudia kukagua kama bado ana ulemavu (ndio, bado anao, asanteni kwa kuulizia). Ukisikiliza hivyo unaona mbona kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye fomu, na si kwa sababu ni ndefu, ndefu nimezoea.

Kuna swali limeandikwa: Je, anaweza kula mwenyewe? Vibox viwili, ndiyo na hapana.

Haya, ngoja niwaambie kula kwetu kukoje. Nakaa upande wake wa kushoto, mkono wangu mmoja unashika kidevu ili mdomo ufunge, mwingine uko chini ya kiwiko chake unaongoza, kijiko anashika yeye mwenyewe kwa sababu ukimshikia ananuna na nadhani ana haki ya kununa. Vijiko viwili vinaingia, kimoja kinaishia kwenye kitambaa. Akikohoa tunasimama mpaka pumzi irudi sawa, hapo huwezi kuharakisha maana chakula kikipotea njia kikaenda kwenye mapafu ni kesi nyingine. Sahani moja dakika arobaini na tano, siku ameamka vizuri. Sasa hiyo ni ndiyo au hapana?

Mimi mara ya kwanza niliweka tiki kwenye ndiyo. Na sababu yake wala sikuwa nimekosea kuelewa swali. Alikuwa amekaa pembeni yangu anasoma. Kusoma anajua, mama alimfundisha. Jaribu wewe kukaa na ndugu yako uandike hapana, hapana, hapana mistari arobaini mfululizo kuhusu maisha yake na yeye anaangalia kalamu. Nikaandika ndiyo kila mahali palipoweza kubeba ndiyo.

Mtathmini akaja asubuhi, saa ambayo dogo yuko vizuri kuliko zote, kijana mstaarabu tu sina neno naye. Mdogo wangu anapenda wageni huyo, akaamkia, akanyanyua kijiko kitupu kuonyesha, akacheka, akapiga na stori ya mpira. Na mimi nikawa naitikia tu "anajitahidi sana, tunamshukuru Mungu, hatujambo". Ndio malezi tuliyolelewa, mgeni hapewi malalamiko. Barua ikaja baada ya muda: kiwango cha chini kabisa. Hela ambayo ikiingia Jumatatu, Jumatano imeshageuka pampasi yote.

Nilikasirika mpaka nikachana bahasha, ila sa nyingine nikiwaza, wao waliandika kile nilichowaambia.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mtu mzima tuliyekutana kwenye foleni ya mazoezi ya viungo, ana binti yake. Nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, wale hawalali kwenu. Waandikie." Hakuongeza kitu. Nikanunua daftari dogo, nikalifunga na kalamu kwa uzi pale kwenye kitanda, nikaanza kuandika kila ninapoamka.

Usiku wa kwanza uko hivi, nanakili: saa 5:40 kumgeuza. Saa 8:05 misuli imekaza mguu wa kushoto, kukanda dakika 20. Saa 9:30 kubadilisha pampasi na shuka. Saa 10:50 kumgeuza tena. Wasiojua, mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe akilala upande mmoja muda mrefu ngozi inakandamizwa damu haipiti, anapata vidonda, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kwenda mpaka mfupani, kwa hiyo unageuza unataka hutaki. Wiki nzima nilijumlisha nikapata mara ishirini na tatu. Nilikuwa sijawahi kujumlisha. Nilikaa na ile namba mwenyewe jikoni nikaiangalia.

Nikakata rufaa, nikapeleka na daftari. Safari hii akaja mama wa makamo, akalisoma lote, akarudi nyuma kurasa mbili, akaniuliza, "Na wewe dada unalala saa ngapi?" Nikamjibu. Akatafuta kwenye fomu yake pa kuandika jibu langu, hakuna, fomu nzima hakuna sehemu ya mlezi zaidi ya jina na sahihi. Akaandika pembeni, kwenye ukingo wa karatasi, kwa mwandiko wa kubana. Kiwango kikapanda. Sijui kama ni ule ukingo au ni daftari lakini mimi namshukuru yule mama hadi leo.

Kwa hiyo ushauri wangu namba moja kwa anayetaka kuomba, kabla hujagusa fomu andika usiku wako siku saba. Usiandike "anasumbua usiku", hiyo haina maana kwa mtu wa ofisini, andika saa, andika umefanya nini, andika dakika. Na jaza fomu mhusika akiwa amelala au mkubaliane kabisa kabla. Mimi mara ya pili nilimwambia ukweli, nikamwambia leo tunaandika siku zako mbaya tu, nzuri tunabaki nazo sisi. Akasema sawa, na akanikumbusha tatu nilizosahau.

Sasa kwa vile usiku niko macho hata hivyo, nimesoma sana kuhusu wenzetu wanavyofanya, na ndio maana hata hizi nyota tatu nimezitoa nikijua nalinganisha na nini.

Wajerumani wana bima ya utunzaji tangu 1995, na mpaka mwisho wa 2016 walikuwa wanahesabu dakika kweli kweli. Daraja la kwanza lilitaka wastani wa dakika 90 za msaada kwa siku, la tatu dakika 300. Nilivyosoma hivyo nikasema hao ndio wenye akili, daftari langu lingetamba. Kumbe nao likawashinda, maana mtu mwenye kupoteza kumbukumbu anaweza kuoga mwenyewe vizuri tu lakini huwezi kumwacha hata nusu saa, na kumchunga hakukuwa na dakika zake. 2017 wakabadilisha wakaweka madaraja matano wanaangalia mtu anajitegemea kiasi gani, na kuhangaika usiku kumo kwenye wanavyoviuliza. Ukimlea mtu nyumbani bila kutumia kampuni ya walezi wa kulipwa, hela ya mkononi tangu Januari 2025 ni yuro 347 kwa mwezi daraja la pili, inapanda mpaka 990 la tano. Lakini mimi sio hiyo iliyoniuma. Iliyoniuma ni kwamba mlezi anayefanya angalau saa 10 kwa wiki, na hana ajira nyingine ya zaidi ya saa 30, ile bima inamlipia michango ya pensheni. Pensheni! Yaani kuna mahali mtu amekaa akafikiria kwamba huyu anayegeuza mwenzake usiku naye atazeeka.

Huku nilipo mimi miaka yangu mitatu kwenye mfuko wa pensheni ni sifuri, sifuri, sifuri. Hilo ndio limekula nyota ya kwanza.

Uingereza nao wana Carer's Allowance, yaani posho ya mlezi, hiyo sharti lake ni umlee mtu angalau saa 35 kwa wiki, na huyo unayemlea awe tayari anapokea posho fulani za ulemavu. Saa 34 hupati kitu. Saa 35 unapata. Saa 168, ambazo ndio wiki nzima ilivyo, unapata ileile. Ukiwa unalea wawili, ileile. Mimi nilicheka peke yangu saa tisa usiku. Na kuna historia yake nzuri, ilianza 1976, ila mwanamke aliyeolewa au anayeishi na mwanaume alikuwa haruhusiwi kuomba, kwa hoja kwamba huyo si angekuwa nyumbani tu hata hivyo. Miaka kumi ikaenda hivyo. Mama mmoja, Jacqueline Drake, aliacha kazi 1984 kumlea mama yake, akanyimwa, akapeleka kesi ikafika mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya, 1986 akashinda. Kila nikisikia mtu anasema "lakini wewe si uko nyumbani tu" namkumbuka huyo mama wa watu.

Kitu kingine nilichokiona kwao na kwetu kipo kilekile, ni ukomo wa kipato, yaani hela ambayo mlezi anaruhusiwa kujiingizia kwa kazi nyingine. Wenzetu ukizidisha hata pauni moja juu ya kiwango hawakupunguzii, wanakata yote. Aprili 2025 wamepandisha kutoka pauni 151 mpaka 196 kwa wiki, ila kabla ya hapo walezi maelfu walishazidisha kidogo kidogo bila kujua, ofisi ikanyamaza, halafu baadaye wanaletewa deni la kurudisha. Australia hawaangalii hela tu, kuna na saa za kufanya kazi, zamani ilikuwa 25 kwa wiki, tangu Machi 2025 wamefanya 100 kwa wiki nne, ambayo kwa hesabu ni zilezile lakini kwa mlezi ni tofauti kubwa sana, maana wiki moja unaweza kupiga kazi sana na wiki ya kulazwa hospitali ukafanya sifuri na hakuna aliyevunja sheria.

Mimi mwaka jana nilipata kazi ya kuingiza data kwenye kompyuta, nafanyia nyumbani, dogo akiwa amelala mchana. Nikapiga hesabu mara tatu. Ningeingiza kidogo juu ya ukomo, posho ingekatwa yote, na nikiipoteza inabidi kuanza fomu upya na ndiyo na hapana zake. Nikakataa kazi. Yule aliyeniita alidhani naringa. Mpaka leo nikikutana naye ananisalimia kwa mbali.

Hela inavyoingia sina malalamiko sana siku hizi, inaingia kwenye simu, inachelewa wakati mwingine halafu inakuja ya miezi miwili kwa mkupuo, unalipa madeni unabaki ulipokuwa. Zamani ilikuwa balaa zaidi. Enzi za mama ilikuwa lazima uende uweke kidole kwenye mashine, na vidole vya mama vilishafutika kwa kufua, mashine inawaka nyekundu, anaambiwa jifute mama, anajifuta kwenye kanga, nyekundu, jaribu kingine, nyekundu. Anarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu mikono imefanya kazi sana. Akija kunisikia nalalamika leo atanicheka.

Na dogo alipofikisha miaka 18 faili lake la mtoto likafungwa, tukaambiwa tuombe upya kama mtu mzima. Kumbe hata Afrika Kusini ruzuku yao ya mtoto mwenye ulemavu mkubwa inaishia kwenye 18 vilevile, mhusika anaomba ya watu wazima kwa jina lake. Hilo la jina naliunga mkono, ni mtu mzima. Tatizo langu ni ile miezi ya katikati, kana kwamba siku ya kuzaliwa aliruka kitandani akatoka mbio.

Halafu hela hii ni ya nani? Usione swali dogo, nyumba zimegombana. Kenya, ule mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ile ya shilingi 2,000 kwa mwezi, mlezi ndio anapokea kwa niaba. Ujerumani inakwenda kwa mwenye ulemavu mwenyewe, yeye ndio anampa anayemlea. Nilimsomea mdogo wangu hiyo, akafurahi kupita kiasi. Nikafanya kosa la kumsomea na ya Sweden, kule kuna sheria inaanza kutumika 1994, mwenye ulemavu mkubwa anapewa wasaidizi wa saa kadhaa kwa wiki, na anaweza kumchagua hata ndugu yake akaajiriwa, mshahara kabisa. Akaniangalia akasema, kwa hiyo mimi ndio bosi wako. Siku mbili nimeitwa mfanyakazi. Siku ya tatu chai ilikuwa ya moto akaniambia nimefukuzwa.

Lakini nikiacha utani, tofauti ya posho na mshahara ndio kila kitu kwangu. Posho inakupa kwa sababu una shida. Mshahara unakupa kwa sababu umefanya kazi, una likizo ndani yake, ukiumwa kuna siku za kuumwa. Mwaka jana nilipata homa kali ya siku nne, na kwa siku nne hizo nilimgeuza mdogo wangu natetemeka, jirani alikuja mchana, usiku hamna wa kuja. Australia mlezi anaweza kumwacha mtu wake kwa mwingine jumla ya siku 63 kwa mwaka akapumzika na malipo yake yasikatwe. Sitaki 63. Mimi nipe kumi nilale. Na sio kwamba naomba hisani, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 kifungu cha 28 umetaja kabisa msaada wa gharama kwa familia maskini, na ndani yake mafunzo, ushauri nasaha, fedha, na huduma ya kumpumzisha mlezi. Hizo nne, kwetu imefika moja tu, nayo nusu. Nyota ya pili imeondokea hapo.

Mafunzo nayo mniruhusu nidokeze. Hakuna aliyenifundisha kumnyanyua mtu mzima. Nilijifunza kwa video, unakunja magoti sio mgongo, unamsogeza kwanza ukingoni, unamkumbatia chini ya makwapa, mnahesabu pamoja mpaka tatu. Mama alimnyanyua miaka ishirini kwa mgongo kwa sababu hakuna aliyemwambia. Lisaa limoja la mtu kuja nyumbani kumwonyesha lingeokoa mgongo wa mama, na mgongo wa mama ukiuweka kwenye hesabu za hospitali ni ghali kuliko posho yangu ya miaka yote hii mitatu. Watu wa hesabu serikalini sijui hilo wanalipigaje.

Nyota tatu zilizobaki posho hii inazipata kihalali, sitaki kuinyima haki yake. Hela ipo na inakuja. Bila hiyo tungekuwa tunafua vitambaa. Rufaa nilikata bila kumjua mtu na bila kutoa chochote na ikasikilizwa. Na kuna jambo dogo, tangu barua ya kwanza ije na jina langu mbele yake neno "mlezi", pale hospitali wakiniuliza wewe ni nani yake nina karatasi ya kuonyesha, wananiacha niingie naye ndani, wakati zamani niliwahi kuachwa kwenye korido naye akaulizwa maswali ambayo hawakuelewa majibu yake.

Ukaguzi mwingine ni mwezi ujao, barua imeshakuja. Daftari jipya nimeshalifunga uzi. Jana usiku tumeamka mara nne: saa 5:15 kumgeuza, saa 7:40 misuli, saa 9:20 kubadilisha, na saa 10:30 aliniita, nikakurupuka nikawasha taa, kumbe alitaka kujua tu kama nimelala. Nimeiandika na hiyo.